Belladonna, Chamomilla au Pulsatilla? Ulinganisho kwa Mzazi Mwenye Mtoto Anayeumwa Sikio

Katika duka la dawa muhimu ninalofanyia kazi hapa Kigoma Mjini, dawa za homeopathia hazipo rafuni na sijawahi kuziagiza. Hata hivyo vichupa vyake hufika mjini, kwa kuwa husafiri ndani ya mabegi ya ndugu wanaotoka Dar es Salaam kwa treni, au hutumwa na watoto waliolowea Ulaya, na mara nyingi humkuta mtoto ambaye tayari amelia usiku kucha huku amelishika sikio. Mzazi akishindwa kusoma maandishi ya kichupa, huja dukani kuuliza. Haulizi kama dawa hiyo inafaa. Huuliza kipi kati ya vile alivyonavyo ndicho cha sikio.

Bibi mmoja wa Ujiji alikuja na vitatu, amevifunga kwenye pindo la khanga, na mjukuu wa mwaka mmoja na nusu amembeba mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hivi. Binti yangu yuko Ujerumani, kasema kimoja ni cha sikio, ila simu ilikatika kabla hajanitajia kipi."

Kijerumani sikijui, lakini majina yalikuwa ya Kilatini: Belladonna D6, Chamomilla C30 na Pulsatilla C30. Vidonge vyenyewe vilikuwa vyeupe, vidogo kama punje za ulezi. Nililamba kimoja cha Chamomilla, nikakuta ni utamu wa sukari tu.

Mwenye vichupa hivi mkononi anahitaji kwanza kuelewa tarakimu zilizo juu yake. Homeopathia ilianzishwa na daktari wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, aliyeitangaza mwaka 1796 akidai kwamba kitu kinachomletea mtu mzima wa afya dalili fulani kitaziondoa dalili za namna hiyo kwa mgonjwa, mradi kizimuliwe sana na kutikiswa. Herufi C maana yake ni kuzimua sehemu moja kwa mia. D, ambayo kwingine huandikwa X, ni moja kwa kumi. Na tarakimu inaonyesha kazi hiyo imerudiwa mara ngapi. Kwa hiyo D6 ni sehemu moja kwa milioni, lakini C30 ni sehemu moja kwa namba yenye sifuri 60. Sisi tunaoishi ufukweni tunaweza kulipima jambo hili kwa macho: ukidondosha tone moja Kibirizi, likachanganyika na maji yote ya Ziwa Tanganyika, ambayo ni takriban kilomita za ujazo 18,900, mzimuo wake utakuwa umepita kidogo C10 na haujafika C11. Kuifikia C30 kungebaki hatua 19 na zaidi, na kila hatua inazimua mara mia. Wafuasi wa tiba hii huhesabu C30 kuwa na nguvu kuliko C6, kinyume kabisa na mazoea ya mtu anayepima dawa kwa miligramu.

Hivyo Chamomilla C30 na Pulsatilla C30, lebo zake zikifutika kwa mvua, hakuna maabara itakayoweza kukuambia kipi ni kipi. Tofauti ya vichupa hivyo imo katika maelezo ya mtoto anayestahili kupewa kila kimoja, na maelezo hayo ndiyo ninayotaka kuyalinganisha, kwa sababu yameandikwa na watu waliomtazama mtoto mgonjwa kwa makini, na dalili wanazozitaja zina maana yake hata pale ambapo kidonge hakina kitu.

Belladonna, katika vitabu vya homeopathia, ni ya mtoto ambaye sikio limemshika ghafla, mara nyingi usiku na zaidi upande wa kulia. Uso umewiva, mwili unachoma, kiini cheusi cha jicho kimetanuka, na mtoto anashtuka au hata kuweweseka. Chanzo cha picha hii si fumbo: mmea wa Belladonna una sumu iitwayo atropini, na aliyekula matunda yake huiva uso, hupandwa na joto na viini vya macho hutanuka hivyo hivyo. Lakini mtoto wa namna hiyo hapa Kigoma, ambako malaria ni ya mwaka mzima, ni mtoto wa kupimwa malaria siku hiyo hiyo, sikio liwe linauma au lisiwe. Akiweweseka, akipata degedege au akilegea, apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2009 kwamba homeopathia isitumiwe kutibu malaria wala kuhara kwa watoto wachanga. Kwa hiyo kati ya vichupa vitatu vya bibi, Belladonna ndiyo ambayo maelezo yake yanatisha zaidi, na mzazi akiona kwamba mwanawe anafanana nayo, muda wa kukaa nyumbani umekwisha.

Kuna sababu ya pili ya kukihofia kichupa hicho. Mizimuo ya chini ya Belladonna, kama D3 na kushuka, inaweza kubeba kiasi halisi cha mmea wenye sumu, na usalama wake unategemea uaminifu wa kiwanda. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi mwaka 2016 waache vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno, na mwaka 2017 ikatangaza kwamba vipimo vya maabara vilikuta Belladonna ndani ya baadhi ya vidonge ikitofautiana kimoja hadi kingine, na wakati mwingine ikizidi mno kile kilichoandikwa kwenye lebo. D6 iliyotengenezwa sawasawa ina kiasi kidogo mno, lakini ukiwa Ujiji huna njia ya kujua kama kilichomo ni D6 kweli.

Chamomilla ni ya mtoto mwenye hasira. Anataka kitu, akipewa anakitupa. Anatulia akibebwa na kutembezwa, ukimlaza tu anaanza tena. Shavu moja limeiva na jingine limepauka. Na mara nyingi anaota meno. Mama yeyote aliyewahi kuzunguka uani saa nane za usiku akiwa na mtoto begani anamjua mtoto huyu. Katika maelezo yote ya homeopathia, haya ndiyo yanayofanana zaidi na maisha, na ndiyo pia yanayopotosha kwa upole. Mtoto anayeota meno huweza kuvuta sikio bila sikio kuwa na ugonjwa wowote, kisha akapoa mwenyewe, na sifa zikaenda kwa kichupa. Kinachomtenganisha huyu na mwenye sikio lililoshikwa kweli ni homa na mafua. Meno hayaleti homa kali, kwa hiyo mtoto anayevuta sikio huku akicheka, ananyonya na hana joto, anaweza kuangaliwa nyumbani. Aliyeanza na mafua siku tatu zilizopita, sasa ana joto na hataki kulala upande mmoja, huyo sikio lake limeshikwa. Mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua ni mfupi na umelala zaidi kwa mtoto mdogo kuliko kwa mtu mzima, ndiyo maana mafua yake hupanda sikioni kwa urahisi.

Pulsatilla ni ya mtoto mpole, mlizi, anayeng'ang'ania mapajani, hana kiu, anachukia chumba chenye joto, na baada ya mafua sikio lake linatoa ute mzito wa manjano au wa kijani. Hapa maelezo yanasema jambo kubwa bila kulitaja. Ute mzito ukitoka sikioni, mara nyingi maana yake ni kwamba ngoma ya sikio imetoboka kwa shinikizo la usaha. Maumivu hupungua ghafla saa hiyo, mtoto hulala, na kesho yake mama hukuta mto umelowa. Kama jioni alikuwa amempa punje tano za Pulsatilla, nani atamwambia kwamba si punje zilizomlaza? Kwa maoni yangu, hii ndiyo hatari kubwa ya vichupa visivyo na sumu: ugonjwa wa sikio una vituo vyake vya kutulia, na kichupa husimama karibu na kila kituo kikipokea shukrani.

Vingine nitavipitia kwa haraka. Aconite huelezwa kuwa ya saa za mwanzo, baada ya mtoto kupigwa na upepo mkavu wa baridi, na mmea wake ni sumu kali usipozimuliwa. Ferrum phosphoricum ni ya homa inayopanda taratibu, bila dalili ya pekee. Hepar sulphuris, inayotokana na kombe za chaza na salfa, ni ya maumivu ya kuchoma kama mwiba kwa mtoto asiyetaka kuguswa. Mercurius, ambayo asili yake ni zebaki, ni ya usaha unaonuka na jasho la usiku. Silicea ni ya sikio la muda mrefu, linalokauka na kurudi. Mzazi ayasome hayo matatu ya mwisho kama onyo. Mtoto asiyetaka kuguswa nyuma ya sikio, hasa pakiwa pamevimba na sikio limesukumwa mbele, huenda usaha umeingia kwenye mfupa, na huyo hupelekwa hospitali bila kusubiri asubuhi. Usaha uliotoka kwa siku 14 au zaidi si wa kusubiri uishe wenyewe, kwa kuwa unaweza kuondoka na usikivu wa mtoto katika umri ule ule anaojifunza kusema.

Je, ushahidi unasemaje? Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2001, uliohusisha watoto 75 wenye maumivu ya sikio la kati, uliwapa baadhi yao dawa ya homeopathia iliyochaguliwa kwa kila mtoto na wengine vidonge vitupu. Idadi ya walioshindwa kupona haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa kumbukumbu za wazazi zilionyesha nafuu zaidi ya dalili katika siku za mwanzo kwa waliopewa homeopathia. Wapenzi wa tiba hii huutaja mara nyingi, nami naona ni haki utajwe, lakini watoto 75 ni wachache mno kujenga juu yao. Baraza la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupitia tafiti nyingi za maradhi mbalimbali, lilitamka mwaka 2015 kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inautibu. Huduma ya afya ya Uingereza iliwataka madaktari wake waache kuiandika mwaka 2017, na Ufaransa, nchi iliyoipenda kwa muda mrefu, iliacha kurudisha gharama zake mwaka 2021.

Sasa tuviweke vichupa hivyo karibu na vitu ambavyo mzazi wa Kigoma anaweza kuvipata kweli.

Cha kwanza ni kusubiri huku ukituliza maumivu. Katika tafiti zilizofanywa zaidi katika nchi tajiri, watoto wapatao 60 katika kila 100 wenye sikio la kati lililowaka hawakuwa na maumivu tena baada ya saa 24, wawe walipewa antibiotiki au hawakupewa. Hii ndiyo siri ya sifa nyingi za homeopathia, na pia za mawese ya moto yanayotiwa sikioni. Lakini parasetamoli, ile ambayo wengi huiita panado hata ikiwa ya kiwanda kingine, hupunguza maumivu na homa saa hiyo hiyo, jambo ambalo kichupa hakijaonyesha kuliweza. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, miligramu 15 kwa kila kilo, hivyo mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 150 kila baada ya saa 6, bila kuzidi mara 4 kwa siku. Usipime kwa kijiko cha chai cha nyumbani, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kikombe au bomba lililokuja na sirapu. Asipirini usimpe mtoto kabisa.

Cha pili ni antibiotiki ya amoksilini. Madaktari wa Marekani na Ulaya huweza kumwambia mzazi wa mtoto aliyezidi miaka 2, asiye na homa kali, asubiri siku mbili au tatu kabla ya kuianza. Ushauri huo umejengwa juu ya dhana kwamba mzazi atarudi kirahisi mambo yakiharibika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa zahanati zetu unasema tofauti: mtoto mwenye maumivu ya sikio, au usaha uliotoka kwa chini ya siku 14, apewe antibiotiki kwa siku 5, apewe parasetamoli, na sikio lake likaushwe kwa utambi. Anayeishi Mwanga au Gungu, ambaye zahanati iko umbali wa bodaboda, anaweza kukubaliana na mganga wa zahanati asubiri siku mbili. Wa Kalya au Kagunga, ambaye safari yake ni ya boti na inategemea ziwa limeamkaje, asicheze na siku hizo mbili. Mtoto wa chini ya miezi 6 hana cha kusubiri popote alipo.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, sera ya serikali ni kwamba matibabu katika kituo cha umma ni bure. Najua pia kwamba huko dawa huisha, na ndipo watu hutujia. Nami naomba waje na cheti, kwa kuwa kupitia dirisha la duka siwezi kuchungulia ndani ya sikio.

Cha tatu, ambacho hakiuzwi na hakina lebo, ni utambi. Sikio linalotoa usaha hukaushwa kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa kikawa na ncha imara. Hulivuta sikio kidogo, huingiza ncha taratibu mlangoni pa tundu, huiacha kwa dakika moja ilowe, huitoa, na kuweka nyingine kavu mpaka itoke bila unyevu. Hufanywa angalau mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti chenye pamba, kwa maana husukuma uchafu ndani. Kwa sikio la siku 14 na kuendelea, utambi ndio nguzo ya tiba, ukifuatiwa na matone ya antibiotiki ya kundi la kwinoloni kwa wiki mbili. Wengi huniomba matone ya jentamisini kwa sababu ndiyo waliyoyazoea, nami huyakataa kwa mtoto mwenye usaha: dawa hiyo ikipita kwenye ngoma iliyotoboka inaweza kudhuru sikio la ndani.

Mafuta ya mawese, maziwa ya mama na asali ambayo jirani zetu wa Tabora huisifia kwa kila kitu, vyote visitiwe sikioni. Haviingii katika ulinganisho huu ila kwa kusema kwamba ukinishika nichague kati ya kidonge cha sukari mdomoni na mawese ya moto katika ngoma iliyotoboka, nitachagua sukari.

Hapo ndipo ninapoweza kumkubalia mtu anayetaka kichupa chake hata hivyo. Kiwe C30 au mzimuo mwingine wa juu. Kisiwe Belladonna wala Aconite ya D ndogo. Kisiwe cha matone ya kutia sikioni, wala cha maji yaliyochanganywa na pombe. Vidonge viyeyushwe kwenye kijiko cha maji ili mtoto asipaliwe. Na kitumike pamoja na parasetamoli na safari ya zahanati, kamwe kisichukue nafasi yake. Kuna fundisho moja la homeopathia ambalo siwezi kulikubalia hata kidogo, nalo ni lile linalosema kwamba ugonjwa ukizidi kwanza ni dalili ya dawa kufanya kazi. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya wala kunywa, aliyepata degedege, aliyelegea, au aliyevimba nyuma ya sikio, amezidiwa tu.

Mjukuu wa bibi alikuwa na joto, na alipogeuka niliona ukoko wa manjano kwenye ndewe la sikio la kushoto. Kwa vitabu vya binti yake alikuwa mtoto wa Pulsatilla. Nilimwambia bibi hivyo, kwa kuwa ndilo swali alilouliza, kisha nikamweleza maana ya ukoko ule na kumwelekeza zahanati kabla haijafunga. Alirudi jioni na cheti: malaria hakuna, amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwa siku 5, parasetamoli, utambi. Tulichana kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa ikakauka juani, nikausokota utambi wa kwanza na yeye akausokota wa pili, wake ukawa mzuri kuliko wangu.

"Na hivi vya binti yangu?"

Nilimshauri kile cha Belladonna anirudishie nikakitupe, na vile viwili avifungie mbali na mtoto, kwani ni vitamu na anaweza kuvibugia vyote akapaliwa. Alivifunga tena pindoni. Siku ya sita alileta mtoto nimwone. Utambi ulitoka mkavu, nikamtaka amrudishe zahanati baada ya wiki mbili ili ngoma ya sikio iangaliwe kama imeziba.